“Imalize Chaji Kwanza”: Historia Fupi ya Betri za Vigari vya Rimoti

Tuseme umenunua kigari chako cha kwanza cha rimoti. Sizungumzii kile cha kuchezea mtoto kinachokula betri za tochi. Nazungumzia kigari cha hobi hasa, cha kipimo cha 1:10, unachokifunga mwenyewe skrubu kwa skrubu, na ambacho kikikugonga kisigino utakikumbuka wiki nzima. Umebakiza betri tu. Unaanza kuuliza watu. Wa kwanza anakwambia: imalize chaji yote kabla hujaichaji tena, na ukimaliza kucheza iweke kabatini ikiwa tupu. Wa pili anakataa: usithubutu kuiacha tupu, itakufa, iache na chaji kidogo. Wa tatu anawacheka wote wawili: ukiimaliza kabisa hata mara moja umeitupa, na ukiichaji usitoke chumbani.

Nani mkweli? Wote watatu. Kila mmoja anaeleza betri ya enzi yake, na anaeleza vizuri. Shida ni kwamba ushauri wa betri husafiri bila tarehe. Mtu anarithi sheria kutoka kwa kaka yake, naye alirithi kwa mjomba, na njiani betri yenyewe imeshabadilika mara mbili. Ukichukua sheria ya mtu wa kwanza ukaitumia kwenye betri ya mtu wa tatu, bahati ikiwa upande wako utapoteza hela. Bahati ikikukataa, utawasha moto ndani ya nyumba.

Kwa hiyo kabla hujachagua pakiti, hebu turudi nyuma kidogo. Na tukubaliane maneno: seli ni moja moja, pakiti ni seli kadhaa zilizounganishwa kwa mfuatano.

Seli iliyofungwa

Tuanzie Sweden, mwaka 1899. Waldemar Jungner alikuwa anatafuta betri ya kuchajika isiyotegemea risasi na tindikali, tofauti na ile aliyoitengeneza Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 (ambayo ukoo wake ndio unaowasha injini ya gari lako hadi leo, usiidharau). Jungner akaweka nikeli upande mmoja, kadimiamu upande wa pili, na katikati yake myeyusho wa potasiamu haidroksidi. Marekani, Thomas Edison naye alikuwa anahangaika na betri yake ya nikeli na chuma, na wakubwa hao wawili wakaishia kuvutana juu ya hataza. Hilo tuliache.

Betri ya Jungner ilikuwa ngumu kama jiwe, lakini ukiichaji kupita kiasi ilitoa gesi. Kwa hiyo ilibidi iwe na tundu la kupumulia na iongezwe maji mara kwa mara. Huwezi kuweka kitu cha namna hiyo ndani ya chombo kinachopinduka, na kigari cha rimoti, kama umewahi kukiendesha, nusu ya kazi yake ni kupinduka.

Jibu lilikuja mwaka 1947, Georg Neumann alipofanikiwa kuifunga seli hiyo kabisa. Naomba usiiruke aya hii, maana kila kitu kinachofuata kinaning'inia hapa. Bamba la upande hasi linatengenezwa kubwa kuliko la upande chanya. Ukichaji, upande chanya unajaa kwanza na kuanza kutoa oksijeni. Oksijeni hiyo inapenya hadi upande hasi, ambao bado una nafasi, inakutana na kadimiamu na inamezwa. Umeme wa ziada unageuka joto badala ya gesi ya kupasua kopo. Fikiria tangi la maji juu ya paa: likijaa, maji yanatokea kwenye kile kibomba cha pembeni, na tangi halipasuki. Seli ya nikeli ina kibomba chake. Haipendi kukitumia, inapata joto na inazeeka haraka, lakini kipo.

Seli zilizofungwa zikaingia kwenye vifaa visivyo na waya. Mwaka 1961 Black & Decker wakatoa drili ya betri, na kazi ya drili inafanana sana na ya kigari: umeme mwingi kwa muda mfupi, kisha chaji, kisha tena. Seli nene iliyozoeleka kwenye zana hizo, yenye urefu wa kama sentimita 4.3 na upana wa kama 2.3, ndiyo iliyokuja kutawala vigari. Hobi hii haikuwahi kuwa na betri yake yenyewe. Siku zote imeazima kwa mafundi, kwa simu, kwa kompyuta.

Volti 7.2 za Shizuoka

Vigari vya rimoti vilikuwapo kabla ya Tamiya. Waitaliano wa El-Gi walitoa Ferrari 250LM ya 1:12 mwaka 1966, na Wamarekani walikuwa wameshaanza kushindana na vigari vya injini za mafuta. Lakini kilichoipeleka hobi ya umeme kwa watu wengi ni kampuni ya mifano ya plastiki ya mji wa Shizuoka, Japani. Mwaka 1976 Tamiya ikatoa Porsche 934 ya umeme, mwaka 1979 vikafuata vigari vya mchangani Rough Rider na Sand Scorcher, na mwaka 1984 Grasshopper na Hornet, ambavyo watu wazima wa leo hukitaja kimoja na macho yakawang'aa.

Katika miaka hiyo ya themanini kipimo kikatulia: seli sita za nikeli-kadimiamu, mbili mbili kwenye safu tatu, kila moja volti 1.2. Jumla volti 7.2. Uwezo wake ulikuwa miliampea-saa 1200. Sasa tupige hesabu. Pakiti hiyo inabeba wati-saa 8.64, yaani inaweza kuwasha balbu ya wati 9 kwa muda usiofika saa nzima. Ukitaka kuimaliza ndani ya mashindano ya dakika nne, mota inavuta wastani wa ampea 18. Tochi inayotumia ampea moja tu ingedumu saa nzima na ushee. Betri inayokamuliwa hivyo lazima iwe na ukinzani mdogo sana ndani yake, na hapo ndipo kadimiamu ilipowashinda wenzake kwa miaka mingi. Kulikuwa na betri zilizobeba zaidi, lakini hazikuweza kutoa kwa kasi hiyo.

Kuchaji kulikuwa sarakasi. Unabeba chaja ndogo yenye saa ya kuzungusha kama ya jiko, unaibana kwenye betri ya gari la baba, unazungusha hadi dakika 15 na kungoja itoe mlio. Chaja yenyewe haikujua lolote. Ilikuwa inahesabu dakika tu. Kama pakiti haikuwa tupu ulipoanza, dakika 15 zilikuwa nyingi mno na ilichemka. Hapo unaona kwa nini “imalize kwanza” ulikuwa ushauri wa busara: pakiti tupu ndiyo pekee ambayo ungeweza kuichaji kwa saa ya jiko bila kuiunguza. Watu walichomeka balbu za taa za nyuma za gari kwenye pakiti ili kumalizia kilichobaki.

Baadaye wakaja wajanja na kugundua kwamba seli yenyewe inakwambia ikijaa. Kumbuka kile kibomba. Oksijeni ikianza kumezwa, seli inapata joto, na seli ikipata joto volti yake inashuka kidogo sana. Chaja za kisasa zaidi zikawa zinaangalia mshuko huo: volti inapanda, inapanda, inafika kileleni, ikishuka tu kidogo chaja inajizima. Likumbuke hili. Tutalihitaji.

Sababu nyingine waliyokuwa wanaitoa ni “kumbukumbu”. Kwamba ukiichaji betri ikiwa nusu, itaizoea hiyo nusu. Jambo hili lina msingi, ila msingi wake ulikuwa angani: lilionekana kwenye betri za satelaiti, ambazo kila mzunguko wa dunia hutumika kivulini na kuchajiwa juani kwa kiasi kile kile, maelfu ya mara. Kigari hakina maisha ya satelaiti. Kinakamuliwa hadi kinaishiwa nguvu katikati ya uwanja. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya betri zilizosemekana kuwa na “kumbukumbu” zilikuwa zimeungua kwa kuchajiwa kupita kiasi, lakini nani alitaka kulaumu chaja yake?

Na hata katika enzi yake, ushauri huo ulikuwa na sumu ndani. Seli sita hazilingani kamwe. Ukiacha balbu ikamue pakiti hadi sifuri, seli dhaifu inaisha kwanza, na zile tano zilizobaki zinasukuma umeme ndani yake kinyumenyume. Inageuzwa ncha, na haisahau. Waliojua walikuwa wanasimamia kama volti 0.9 kwa kila seli, basi. Aliyeacha balbu usiku kucha aliua pakiti kwa mkono wake akidhani anaitunza.

Kwenye mashindano, kulingana huko kwa seli kukawa biashara kamili. Wauzaji walinunua seli za Sanyo kwa mamia, wakazipima moja moja kwenye mashine, wakabandika karatasi yenye tarakimu kwenye kila moja, kisha wakazipanga zinazofanana katika pakiti za bei ya kutisha. Wengine walizipiga seli pigo moja la umeme mkali kutoka kwenye kapasita kubwa, ili viungo vya ndani vishikane vizuri zaidi na ukinzani upungue. Yote hayo kwa ajili ya sehemu ndogo ya volti. Uwezo nao ukapanda hatua kwa hatua, 1200, 1400, 1700, 2000, hadi 2400, ndani ya kopo la ukubwa ule ule.

Kadimiamu inaondoka

Kadimiamu ni sumu, na Japani ndiyo nchi iliyojua hilo kwa uchungu kuliko nyingine. Katika bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama, maji machafu ya mgodi wa Kamioka yaliingia kwenye mashamba ya mpunga, na wakulima, wengi wao wanawake wa makamo, mifupa yao ikalainika na kuvunjika. Ugonjwa ukaitwa itai-itai, maana yake “inauma, inauma”. Mwaka 1968 serikali ilikiri kwamba chanzo chake ni kadimiamu ya mgodi huo. Ulaya ikaja kupiga marufuku betri ndogo za kadimiamu kwa sheria ya mwaka 2006, ingawa iliacha upenyo kwa vifaa kama taa za dharura na vya hospitali. Kwa hiyo ukikuta pakiti ya zamani imeandikwa Ni-Cd, usiitupe jalalani wala kwenye moto wa taka. Iweke pembeni hadi upate mahali wanapopokea betri chakavu.

Aliyeingia badala yake alikuwa nikeli-haidridi, NiMH. Wanasayansi wa Philips, Uholanzi, walikuwa wameona kwamba aloi fulani za metali hunyonya haidrojeni kama sponji. Marekani, Stanford Ovshinsky, fundi wa mashine ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu, aliijenga kampuni iliyoifanya kazi hiyo iwe betri ya kuuzika. Mwishoni mwa miaka ya themanini zikaanza kuingia sokoni. Muundo ni ule ule wa Jungner, isipokuwa kadimiamu imebadilishwa na sponji la haidrojeni.

Waendesha vigari hawakuzikimbilia. Seli za mwanzo zilibeba zaidi lakini zilitoa kwa uvivu. Zilipofika miliampea-saa 3000 na zaidi, kuanzia kama mwaka 2000, mjadala ukaisha. Ila ziliponza wengi kwa njia mbili. Kwanza, mshuko wa volti wa NiMH zikijaa ni mdogo kuliko wa NiCd, kwa hiyo chaja za zamani hazikuuona, zikaendelea kuchemsha, na seli nyingine zikapasuka mezani. Pili, watu walizihifadhi tupu kwa mazoea ya NiCd, na wakirudi baada ya miezi mitatu wanakuta seli moja au mbili zimekufa. Huyo ndiye mtu wako wa pili anayesema acha chaji kidogo. Alijifunza kwa hela yake.

Lithiamu haina kibomba

Seli ya lithiamu tunayoijua ina wazazi kadhaa. John Goodenough na wenzake walitoa upande chanya wa oksidi ya kobalti wakiwa Oxford mwaka 1980, Akira Yoshino akaiunganisha na kaboni huko Japani mwaka 1985, Sony wakaiuza mwaka 1991. Goodenough, Yoshino na Stanley Whittingham, aliyetangulia kufungua njia, wakapata Nobeli ya kemia mwaka 2019. Kile tunachokiita LiPo ni seli ya namna hiyo iliyofungwa kwenye mfuko mwembamba badala ya kopo la chuma. Waendesha ndege ndogo walizipenda kwanza kwa sababu ya wepesi, kisha zikashuka ardhini.

Kobalti hiyo, kwa taarifa yako, sehemu yake kubwa inatoka Kongo. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka huko, hasa ukanda wa Kolwezi na Lualaba, na baadhi huchimbwa kwa mikono, kwa sululu na magunia. Mtu aliyeitoa ardhini huenda anaongea Kiswahili kama wewe.

Vigari viliipokea lithiamu kwa sababu ya bahati ya hesabu. Seli moja ina volti 3.7. Mbili ni 7.4. Seli sita za nikeli zilikuwa 7.2. Kwa hiyo mota zile zile, nafasi ile ile kwenye chasi, karibu kila kitu kikabaki kama kilivyo, ila pakiti ya LiPo ya miliampea-saa 5000 inabeba wati-saa 37, zaidi ya mara nne ya ile ya Hornet, na kwa uzito usiozidi. Biashara ya kulinganisha seli sita ikafifia ndani ya miaka michache.

Na hapa ndipo bahati hiyo ilipokuwa mtego. Kwa kuwa volti zinafanana na plagi zinafanana, mtu anaweza kuchomeka LiPo kwenye chaja ya zamani ya nikeli. Chaja inaanza kazi yake ya siku zote: inasukuma umeme huku inasubiri volti ifike kileleni na kushuka. Lakini kule kushuka kulitokana na oksijeni kumezwa na seli kupata joto. Lithiamu haina mzunguko huo. Haina kibomba cha pembeni. Ilitakiwa isimame volti 4.2 kwa seli, 8.4 kwa pakiti. Chaja inapita hapo bila kujua, inaendelea kungoja ishara isiyokuja. Ndani, metali ya lithiamu inaanza kujipaka pasipotakiwa, mfuko unavimba, kimiminika cha ndani kinawaka kama petroli, na oksidi ya kobalti ikipata joto inatoa oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo kuufunika moto hakuuzimi. Ndiyo maana watu wa LiPo huchajia ndani ya chungu cha udongo au kisanduku cha chuma, mbali na pazia, na ndoo ya mchanga jirani.

Kumaliza chaji nako ni vile vile. Chini ya volti 3 kwa seli, LiPo inaharibika moja kwa moja. Kigari cha zamani hakina kifaa cha kukata umeme mapema. Kitakamua hadi mwisho kwa utiifu kabisa. Na “imalize kwanza” ya mjomba itakuua pakiti siku ya kwanza. Ndio ushauri uleule unaosikia hadi leo kwenye simu, kwamba ukinunua mpya ichaji masaa manane, halafu uitumie mpaka izime. Simu yako ni lithiamu. Inao ulinzi wa ndani, ndio maana inakuvumilia.

Basi ununue ipi?

Kama ni mara ya kwanza, au kigari ni cha mtoto wa miaka kumi anayechaji peke yake, mimi ningechukua NiMH ya 3000 hivi na chaja inayojizima yenyewe. Ina wati-saa 21.6, inatosha kucheza robo saa na zaidi, na ukikosea inakusamehe. Iache na chaji kabla ya kuihifadhi, iguse baada ya kuchaji: vuguvugu ni sawa, moto wa kuunguza si sawa.

Kama unataka kasi na umeme usiolegea hadi mwisho, nunua LiPo ya seli mbili yenye ganda gumu. Hakikisha kidhibiti mwendo cha kigari kina mpangilio wa LiPo wa kukata mapema. Kama hakina, nunua king'ora kidogo kinachochomekwa kwenye ile plagi nyeupe nyembamba. Plagi hiyo ndiyo njia ya chaja kuona kila seli peke yake, usiichaji bila kuitumia. Chaji 5000 kwa ampea 5, si zaidi. Usipocheza kwa wiki kadhaa, iache kwenye volti 3.8 hivi kwa seli. Ikivimba, imekwisha, hata kama bado inakimbia.

Maandishi ya “C” kwenye lebo yasikutishe wala yasikuvute. 5000 yenye 50C inadai kutoa ampea 250. Zidisha kwa volti 7.4 upate wati 1850, pasi ya umeme na chenji, kupitia waya mnene kama penseli. Mota yako haiombi hata robo ya hizo. Angalia zaidi plagi: ile nyeupe ya mtindo wa Tamiya ilitengenezwa kwa enzi ya 1200, na kwenye mota kali inalainika kama mshumaa.

Na kabla hujalipa, igeuze chaja uliyonayo nyumbani usome mgongoni. Kama imeandikwa NiCd na NiMH tu, una njia mbili: urudi na NiMH, au uongeze hela ya chaja ya pili hapo hapo dukani.